Caesar Aliyevaa Tai Nyekundu: Kisa cha Central Park, 2017

Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Juni 2017, katika ukumbi wa wazi wa Delacorte ndani ya bustani ya Central Park, New York, Julius Caesar alikuwa ndiyo kwanza ameuawa. Wala njama walikuwa bado wameshika visu, damu ya bandia imewatapakaa hadi viwikoni. Mwanamke mmoja akaruka kutoka kwa watazamaji, akapanda jukwaani na kupaza sauti kwamba onyesho hili linahalalisha fujo za kisiasa dhidi ya watu wa mrengo wa kulia. Mwanamume mwingine akasimama kati ya viti na kuwafananisha watazamaji na Wanazi. Meneja wa jukwaa akasimamisha onyesho kwa kipaza sauti, walinzi wakawatoa wale wawili, kisha sauti ileile ikawaambia waigizaji waanzie pale panapotangazwa "Uhuru!" na kwamba udhalimu umekufa. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Mtu angetunga jambo hili angeambiwa amezidisha chumvi.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kesi ya uhuru wa kujieleza, wasanii upande huu, wanasiasa na makampuni upande ule. Hilo lipo, nami nitaligusa. Ila kwa mtu wa jukwaani swali zito zaidi ni la kazi yenyewe. Mwongozaji ana mkononi Julius Caesar, tamthilia ya William Shakespeare ya mwaka 1599 juu ya mtawala wa Roma, anataka watu wa 2017 waione kuwa ni yao. Anaamua kumvika Caesar sura ya mtu aliye hai, aliye madarakani, Rais Donald Trump, ambaye kila mtazamaji amemwona kwenye televisheni asubuhi ya siku hiyohiyo. Je, uamuzi huo uliifungua tamthilia au uliifunga? Mimi naona uliifunga, ingawa mwongozaji mwenyewe alikuwa ameisoma vizuri kuliko wote waliompigia kelele.

Mtawala anakufa katikati, tamthilia inaendelea

William Shakespeare aliokota habari za Caesar kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka 1579. Msafiri wa Kiswisi, Thomas Platter, aliitazama tamthilia hii mjini London tarehe 21 Septemba 1599 na kuandika kwamba waigizaji walikuwa kama 15, na kwamba mwisho wa mchezo walicheza ngoma. Wakati huo Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa na miaka 66, hana mtoto, na kujadili hadharani nani atamrithi lilikuwa kosa la kumfikisha mtu pabaya. Sasa tazama tamthilia inavyoanza. Caesar anamwagiza rafiki yake Antony, anayeingia kwenye mbio za sikukuu, amguse Calpurnia, mke wa Caesar, anapompita, maana wazee husema mguso huo huwaondolea wanawake utasa. Mtawala anayezeeka bila mrithi: waliolipa kiingilio siku hiyo hawakuhitaji kuelezwa.

Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaosema kazi za kale ziachwe kama zilivyo. Zilivyo ndiyo vipi? Ndani ya maandishi ya Shakespeare saa inagonga mara tatu katika Roma isiyojua saa za kugonga, na Casca, mmoja wa wala njama, anasimulia jinsi Caesar alivyofungua koti la mtindo wa Kiingereza wa karne ya 16 ili kuwatolea watu koo lake walikate. Wa kwanza kuivisha Roma nguo za kwao alikuwa mtunzi mwenyewe.

Jambo la pili la kushika ni umbo lake. Sehemu ni tano, na Caesar anauawa mwanzoni mwa sehemu ya tatu. Jina la tamthilia ni lake lakini mzigo ni wa Brutus, mtu mwadilifu anayejishawishi kwamba rafiki yake lazima afe kwa lile ambalo huenda angelifanya baadaye, si kwa lolote alilolifanya. Baada ya mauaji Brutus anauhutubia umati kwa nathari kavu, anatoa sababu zake, na umati unamwelewa kwa kiwango cha kutisha: mmoja wao anapiga kelele kwamba basi yeye Brutus awe Caesar. Kisha anakuja Antony. Anaomba kusema machache tu juu ya maiti. Anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, anarudia tena na tena, mpaka neno heshima linageuka tusi. Mwisho anawatolea wosia wa Caesar, kila raia drakma 75, na mji unawaka moto.

Dakika chache baadaye umati unamkamata mshairi mmoja aitwaye Cinna. Mla njama mmoja naye anaitwa Cinna. Mshairi analia kwamba wamekosea mtu, yeye ni mtunga mashairi tu, nao wanamjibu kwamba basi auawe kwa ubovu wa mashairi yake. Yanayofuata ni vita, ugomvi wa marafiki juu ya fedha, na watu kujiua. Waliomwua mtawala ili kuiokoa jamhuri ndio wanaoizika.

Anayeitoa tamthilia hii kama wito wa kumwua mtawala, basi aliondoka ukumbini mapema.

Alichokitayarisha Oskar Eustis

Public Theater ni taasisi iliyotokana na juhudi za Joseph Papp tangu 1954, na ukumbi wake wa Delacorte umekuwa ukitoa tamthilia bure tangu 1962. Viti ni kama 1,800, chini ya anga tupu. Bure maana yake foleni ndefu asubuhi, na mfadhili anayelipa ili watu wasilipe.

Eustis, mkurugenzi wa sanaa wa taasisi hiyo, aliliongoza toleo la 2017 mwenyewe. Maonyesho yalianza tarehe 23 Mei. Gregg Henry aliigiza Caesar mwenye nywele za dhahabu, suti ya buluu na tai nyekundu ndefu iliyopita mkanda wa suruali. Tina Benko, aliyekuwa Calpurnia, alisema kwa lafudhi ya Ulaya Mashariki. Palikuwa na beseni la kuogea la rangi ya dhahabu. Maneno ya Shakespeare karibu hayakuguswa. Nyongeza iliyosikika zaidi ilikuwa pale Casca anaposema kuwa wafuasi wa Caesar wangemsamehe hata kama angewachoma kisu mama zao: yakaongezwa maneno "kwenye Fifth Avenue", ili kukumbusha kauli ya Donald Trump ya Januari 2016 kwamba angeweza kumpiga mtu risasi katikati ya barabara hiyo na asipoteze mpiga kura.

Hayo ndiyo yaliyosimuliwa kila mahali. Yasiyosimuliwa sana ni haya. Antony alikuwa mwanamke, Elizabeth Marvel. Umati wa Roma ulikuwa umefichwa ndani ya watazamaji: umekaa kwa utulivu, ghafla jirani yako anasimama na kupayuka, na kwa sekunde kadhaa hujui kama ni mwigizaji au ni mtu aliyelewa. Mauaji yenyewe yalifanywa ya kuchukiza, yenye damu nyingi, bila ushujaa wowote. Polisi wa kutuliza ghasia wakaja kuwashukia raia. Na Eustis alisema waziwazi kwamba somo alilolikuta humo ni kuwa anayeitetea demokrasia kwa njia zisizo za kidemokrasia huiangamiza. Kwa usomaji, hapo hana deni.

Lakini tarehe 11 Juni, siku moja kabla ya uzinduzi rasmi, shirika la ndege la Delta lilijitoa kabisa katika kuifadhili Public Theater, likisema mpaka wa staha umevukwa. Bank of America nayo ikaondoa fedha zake katika toleo hilo. Donald Trump Jr., mwana wa rais, akauliza mtandaoni kodi ya wananchi imechangia kiasi gani. Shirika la serikali kuu la kufadhili sanaa likatoa tamko kwamba fedha zake hazimo. Tarehe 14 Juni, mtu mwenye bunduki aliwashambulia wabunge wa chama cha Republican waliokuwa wakifanya mazoezi ya besiboli Alexandria, Virginia, na kumjeruhi vibaya Steve Scalise. Mchezo wa kuigiza ukaingizwa katika mjadala wa risasi za kweli. Siku mbili baadaye ndipo jukwaa likavamiwa. Maonyesho yalimalizika tarehe 18 kama ilivyopangwa.

Kuna jambo dogo katika vurugu hizo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Vikundi vingine vya maigizo nchini Marekani, visivyohusika hata kidogo, vilianza kupokea barua pepe za matusi na vitisho vya kifo. Kimojawapo kilikuwa Shakespeare & Company cha jimbo la Massachusetts. Kosa lao lilikuwa kuwa na Shakespeare katika jina. Yaani kisa cha mshairi Cinna kikajirudia neno kwa neno, nje ya ukumbi, na waliokirudia hawakuwahi kuliona onyesho hilo kwa sababu hasira yao ilikomea sehemu ya tatu.

Minneapolis, miaka mitano kabla

Waliomtetea Eustis walikuwa na hoja moja ya haraka. Mwaka 2012, ukumbi wa Guthrie mjini Minneapolis ulipokea toleo la tamthilia hiihii chini ya mwongozaji Rob Melrose, ambamo Caesar alikuwa mwanamume mweusi, mrefu, mwembamba, aliyemkumbusha kila mtu Barack Obama. Aliuawa jioni baada ya jioni. Delta ilikuwa mfadhili wa Guthrie, na haikuondoka.

Unafiki? Upo, sikatai. Lakini kwa jicho la ufundi pana tofauti ambayo hoja hiyo inaipita juu juu. Minneapolis ilidokeza. New York iliigiza mtu. Caesar wa Melrose aliweza kuwa Obama kwa dakika moja na kuwa mwanasiasa yeyote mwenye mvuto dakika iliyofuata, wakati yule wa Delacorte hakuwa na pa kukimbilia: mke alikuwa mke wa Trump, beseni lilikuwa la Trump, barabara ilikuwa ya Trump. Hata utani ulikuwa wa juma lile. Caesar wa Shakespeare ni kiziwi wa sikio moja, ana kifafa, ana kiburi, anampenda mkewe, na kuna wakati anasema maneno makubwa kweli. Yote hayo hayana nafasi chini ya tai ndefu kiasi hicho.

Na kulikuwa na kamera za simu. Kipande cha mauaji kilitembea peke yake, bila hotuba ya Antony, bila Cinna, bila vita. Toleo linaloweka nguvu zake zote za macho katika mwili mmoja linakuwa limeshamkatia mpinzani kipande cha kusambaza.

Welles alivyofanya kwa ukuta mtupu

Jirani wa karibu zaidi wa Eustis ni Orson Welles. Tarehe 11 Novemba 1937 alifungua ukumbi wake wa Mercury, New York hiyohiyo, kwa toleo aliloliita Caesar, lenye kichwa kidogo kinachotangaza kifo cha dikteta. Alikuwa na miaka 22, anaongoza na kuigiza Brutus. Fedha hakuwa nazo, kwa hiyo mandhari ilikuwa ukuta wa matofali wa nyuma ya jukwaa, umepakwa rangi nyekundu, na majukwaa matupu mbele yake. Jean Rosenthal akapanga taa zinazopanda juu kama nguzo, na mtu yeyote aliyekuwa ameona picha za mikutano ya Hitler kule Nuremberg alizitambua. Askari walivaa sare zinazonuka Italia ya Mussolini. Caesar wa Joseph Holland alimkaribia Mussolini, naam, lakini kilichovikwa nguo hasa kilikuwa utawala: mikanda, buti, saluti, mwanga.

Kisha Welles akafanya uamuzi ambao waongozaji bado wanausoma. Alichukua lile onyesho fupi la mshairi Cinna, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likikatwa kama kichekesho kisicho na kazi, akaliweka kuwa moyo wa usiku mzima. Norman Lloyd aliigiza mtu mpole, mfuko umejaa karatasi za mashairi, anawagawia watu mashairi yake akidhani yatamtambulisha. Umati unamzunguka kutoka gizani, pole pole, hadi unammeza. Watazamaji wa 1937 walijua kilichokuwa kikiendelea Ujerumani kwa watu waliokamatwa kwa sababu ya jina. Maonyesho yalifikia 157.

Toleo hilo lilikuwa na dosari, na si ndogo. Welles alilifyeka andiko hadi likabaki kama dakika 100 bila mapumziko, na nusu ya pili karibu yote ikaenda. Aidha alitaka kisu cha kweli ili king'ae kwenye taa. Aprili 1938 kikamwingia Holland mwilini, akapelekwa hospitali. Ukweli wa jukwaani una kiwango.

Ndugu watatu na sanamu

Kabla ya kwenda Uingereza, turudi nyuma kidogo ndani ya mji huohuo. Tarehe 25 Novemba 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndugu watatu wa ukoo wa Booth waliigiza Julius Caesar pamoja kwenye ukumbi wa Winter Garden. Edwin alikuwa Brutus, Junius alikuwa Cassius, kiongozi wa njama, na mdogo wao John Wilkes alikuwa Antony. Mapato yalikuwa ya kuchangia sanamu ya Shakespeare iwekwe Central Park. Usiku huo mawakala wa majimbo ya Kusini walichoma moto hoteli kadhaa za mji, mojawapo ikipakana na ukumbi, na Edwin akalazimika kuwatuliza watazamaji ili wasikanyagane.

Tarehe 14 Aprili mwaka uliofuata John Wilkes Booth alimpiga risasi Rais Abraham Lincoln. Akiwa mafichoni aliandika katika shajara yake akilalamika kwamba anawindwa kwa kutenda lile ambalo Brutus aliheshimiwa kwalo. Alikuwa ameigiza Antony kwa mdomo wake, amesimama juu ya maiti, ameuchochea umati, na bado hakusikia. Sanamu iko Central Park tangu 1872, bustani ileile ya Delacorte.

Afrika isiyotajwa jina

Mwaka 2012 Gregory Doran aliiongoza kwa ajili ya Royal Shakespeare Company kule Stratford-upon-Avon, na waigizaji wake wote walikuwa Waingereza weusi: Paterson Joseph akiwa Brutus, Cyril Nri Cassius, Ray Fearon Antony, Jeffery Kissoon Caesar, Adjoa Andoh Portia, mke wa Brutus. Mahali ni nchi ya Kiafrika ya siku hizi isiyotajwa. Sanamu kubwa ya mtawala imetupa mgongo. Mpiga ramli anayemwonya Caesar ajihadhari na tarehe 15 Machi ni mganga aliyejipaka udongo mweupe.

Doran aliukuta mwanzo wa wazo lake kwa watu wa bara hili. John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, alimwambia kwamba hii ndiyo tamthilia ya Kiafrika ya Shakespeare. Kuna pia nakala ya kazi zote za Shakespeare iliyozunguka kwa siri katika gereza la Robben Island. Mwenyewe, Sonny Venkatrathnam, aliifunika kwa kadi za Diwali ili askari wadhani ni kitabu cha dini. Wafungwa walitia saini kando ya maneno waliyoyapenda. Tarehe 16 Desemba 1977 Nelson Mandela alitia yake pembeni ya maneno ya Caesar, kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya siku yao, jasiri huonja mauti mara moja tu. Si maneno ya Brutus mpigania uhuru. Ni ya mtawala, anayesema kwa majigambo huku akivaa kwenda kuuawa. Msomaji aliyefungwa maisha aliyachukua kutoka kinywani mwake akayafanya ya kwake bila kumwomba ruhusa mtu.

Naliheshimu toleo la Doran, na waigizaji wale walipata nafasi ambazo majukwaa makubwa ya Uingereza huwanyima. Uchawi, ndoto, ukoo, hotuba za kiwanjani, vyote vilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Ila swali la kukaa na nani ukumbini linabaki. Mtazamaji wa Stratford anaweza kuliangalia jambo hili kama habari za kule: madikteta wao, umati wao, mganga wao. Nguo zinazomsogezea Mnairobi tamthilia puani zinaweza kumsogezea Mwingereza mbali. Na "nchi ya Kiafrika isiyotajwa" ni nchi ambayo sisi wenyewe hatujawahi kuishi. Tumeishi Kenya, Burundi, Kongo, zenye majina.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Phyllida Lloyd aliipeleka gerezani. Waigizaji wote ni wanawake, na wanawake hao ni wafungwa wanaoigiza Julius Caesar: Harriet Walter Brutus, Frances Barber Caesar, Cush Jumbo Antony, ndani ya ukumbi mdogo wa Donmar, London. Ubabe wa wafungwa unapenya kwenye ubabe wa Roma, na askari jela wana uwezo wa kuukatiza mchezo wakati wowote. Hapakuwa na rais wa kumfananisha na yeyote, wala hakuna aliyeulizia.

Umati unaposimama

Mwaka 2018 Nicholas Hytner aliitoa kwenye ukumbi mpya wa Bridge, London, nami hapa naona jibu bora kwa tatizo lililomshinda Eustis. Viti vya katikati viliondolewa. Walionunua tiketi za kusimama waliingia wakakuta bendi inapiga muziki wa roki, wanasiasa wanapunga mikono, kofia nyekundu zinazunguka. Majukwaa yalipanda kutoka sakafuni, leo hapa kesho pale, na wahudumu wa ukumbi waliwasukuma watu kupisha. Saa mbili mfululizo, hakuna mapumziko. Bunduki badala ya visu.

Kofia nyekundu ziliashiria nani ni wazi. Lakini David Calder hakuigiza mtu wa televisheni. Alikuwa mwanasiasa mzee mwenye njaa ya kupendwa. Uzito ulihamishwa kutoka kichwa cha Caesar hadi miguu ya watazamaji. Ben Whishaw, Brutus msomi mwenye haya, alieleza sababu zake kwa watu waliomzunguka kweli, nao wakampigia makofi. David Morrissey akaja na maiti, nao walewale wakampigia makofi yeye. Hakuna aliyeambiwa kuwa yeye ni kigeugeu. Alijisikia.

Eustis naye alijaribu, kwa wale waigizaji aliowaficha kati ya viti. Wazo ni moja. Tatizo ni kwamba sehemu ya tatu ilipoanza watazamaji wake walikuwa wameshagawanywa na tai: wapo waliokuja kumcheka, na wapo waliokasirika bila kuja. Mtu asiyeweza kumpenda Caesar hata kidogo hawezi kugeuzwa na Antony, na asiyegeuzwa hajaiona tamthilia hii.

Upande wetu

Mwaka 1963, Julius Nyerere, rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia hii kwa Kiswahili. Akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili huo ndio mlango wa kwanza wa Shakespeare. Watu husifu ufundi wake wa lugha, kwa haki. Mimi hushangazwa na tarehe. Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa tarehe 13 Januari 1963. Januari 1964 askari wa Tanganyika wenyewe waliasi. Toleo la pili lilipotoka, Kwame Nkrumah alikuwa ameshapinduliwa tangu Februari 1966. Mkuu wa nchi, katika miaka hiyo, anawawekea wananchi wake mezani mchezo unaomwonyesha mkuu wa nchi akichomwa visu na rafiki zake, na hajabadilisha kitu. Roma ni Roma, kanzu za Kirumi ni kanzu za Kirumi.

Hilo nalo ni toleo. Ni uamuzi wa kumwachia msomaji kazi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na Afrika Mashariki mwerevu alikuwa na mazoezi. Kwetu anayekuja kuufunga mchezo si mfadhili wa ndege. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilifuta kibali cha mchezo wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wake, alikuwa kizuizini. Aprili 2025 polisi walirusha mabomu ya machozi Nakuru wakati wasichana wa shule ya Butere walipokuwa washindanishe mchezo wao wa kisiasa kwenye tamasha la taifa. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani. Mtunzi anayekulia katika hali hiyo hujifunza mapema kumpeleka mfalme nchi ya mbali, au kumfanya fisi. Waliobahatika kutoihitaji kinga hiyo huiona kama woga. Lakini fumbo lina faida ya kiufundi hata pasipo na polisi: linamlazimisha mtazamaji aingize sura mwenyewe, na sura aliyoiingiza mwenyewe hawezi kumlaumu mwongozaji kwayo. Nadhani Eustis, katika mji usiokuwa na mtu wa kumfungia ukumbi, aliliona fumbo kuwa anasa isiyo na kazi.

Kama kuna kikundi Dar es Salaam au Mombasa kinachofikiria kuipandisha leo, mimi ningeanzia kwenye onyesho la kwanza la sehemu ya nne, ambalo Welles alilikata na wengine hulipitisha mbio kwa sababu halina upanga wala machozi. Antony na washirika wake wapya, Octavius na Lepidus, wamekaa mezani na orodha ya watu wa kuuawa. Lepidus anamkubali ndugu yake awe kwenye orodha, kwa sharti kwamba mpwa wa Antony naye aongezwe, na Antony anamtia mpwa wake alama kama mtu anayesahihisha hesabu. Halafu anamtuma Lepidus nyumbani kwa Caesar akaulete wosia, ili waone namna ya kupunguza yale yaliyoahidiwa ndani yake.

Ni wosia uleule. Ule wa drakma 75, uliochoma mji na kumwua mshairi. Ningetumia karatasi ileile aliyoipeperusha Antony mbele ya umati, yenye mikunjo ileile, na ningehakikisha inaonekana hadi viti vya nyuma. Katika sehemu zote zinazobaki hakuna anayewaambia wananchi wa Roma kwamba urithi wao umepunguzwa. Wanaojua ni watazamaji peke yao, na onyesho hilo likikatwa, hata wao hawajui.